Seshwari kwenye nyonga ya mama mukwe

Habari hii nikiisimulia saluni wateja wanacheka mpaka nashindwa kuwasuka, basi nanyi chekeni, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Mama mukwe wangu, muzee kabisa, alianguka akavunjika nyonga, wakamupasua na kumuwekea chuma. Mimi ndiye nilikuwa namulinda hospitali, na muuguzi alinikanya: "Mama, bandeji isilowe. Mikrobi ikifika kwenye chuma tutapasua tena, na kwa umri wake sijui kama atavumilia." Nikaitika. Mara mume wangu anapiga simu, mashangazi zake wa Butembo wako njiani (na munajua, wakikuta mugonjwa ananuka jasho hawaulizi hospitali, wanauliza muke wa mutoto wao ametoka ukoo gani), basi nikapasha maji, nikamuogesha muzima muzima, sabuni mpaka miguuni, kuja kushtuka bandeji imelowa chapachapa.

Mutu mwenye akili angeita muuguzi. Mimi nikachomoa seshwari, ile mashine ya kukaushia nywele, kwenye mufuko (nilikuwa nimetoka nayo saluni kwangu Birere, ilihitaji fundi), nikaiwasha, nikaielekeza kwenye nyonga.

"Mutoto, unaniunguza!"

"Vumilia kidogo, mama, inakauka."

Haikukauka. Ile mashine, ambayo sikuwahi kuisafisha hata siku moja, ikaanza kutema vipande vya nywele za wateja, vyeusi na vyekundu, vikaganda kwenye bandeji mbichi, na mimi nikiwa navibandua kwa kucha mulango ukafunguka: docta, wauguzi, na nyuma yao mashangazi na vikapu vyao.

Docta akainama. "Hii nini tena? Kidonda kimeota nywele?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Docta hakucheka. Akanawa mikono, akavaa glavu, akafungua, akasafisha, akafunga upya, huku mashangazi wakinitazama mimi tu.

Baada ya hapo kila asubuhi nilimugusa paji la uso nikitafuta homa, na niliogopa kweli, kuliko nilivyowahi kumuogopa shangazi yeyote. Homa haikuja. Siku ya kutoa nyuzi kidonda kilikuwa kikavu, nikalia mbele ya watu wote.

Sasa bandeji ya mugonjwa wangu ikipata hata tone moja, naita muuguzi kwa sauti, hata wakwe wote wawe wamejaa mulangoni. Waseme sijui kuogesha muzee. Waseme, lakini mama akiwa hai, anasikia, na anawajibu mwenyewe.