Nilijificha kwenye magofu ya ua wa mfalme India kuokoa riwaya yangu, mjomba akaniona kila pahala

Wakuu, salaam kutoka Maskati.

Kazi yangu ni kutunga mambo yasiyotokea, kwa hiyo najua mtaniangalia kwa jicho la shaka. Hili limenikuta mwenyewe. Shahidi wangu yupo hai, yupo Mabela hapa hapa Maskati, na ukimuuliza atakusimulia kwa kunicheka.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya. Asubuhi nipo ofisini Al Khuwair, alasiri nipo mezani kwangu na daftari. Mhusika wangu ni Salim, mfanyabiashara wa farasi kutoka pwani yetu hii ya Oman, zama zile farasi wa Uarabuni walipokuwa wakivushwa bahari kwenda kwa wafalme wa India ya kusini.

Salim anaingia kwenye ua wa mfalme. Anaona jambo ambalo hakutakiwa kuliona. Anajificha humo humo siku tatu, halafu anatoroka.

Hizo siku tatu ni kurasa arobaini, wakuu. Ndiyo roho ya kitabu. Ukizitoa, kinabaki kisa cha mtu aliyeuza farasi akarudi kwao.

Mhariri alikuwa anausubiri mswada mwisho wa mwezi. Nilishamwambia umekwisha, ingawa bado. Na yeye alishaniambia: ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine.

Sasa, India nilikuwa sijafika. Jumba la mfalme nililijenga kichwani, na mtoto wa Kizanzibari kama mimi akijenga jumba kichwani mnajua litakavyotoka. Ghorofa tatu, ngazi za mbao, milango ya kuchonga, vijia vya giza, mapazia. Kila kona mtu anaweza kujibanza.

Ikatokea Mjomba Nassor anakwenda Bangalore, huko huko India, kupimwa moyo. Mama akaniita. "Mfuate mjomba wako. Akiachwa peke yake atakula biriani mpaka madaktari wamkimbie."

Mjomba ni mstaafu, na ana wazimu wa farasi. Anafuga wawili huko Barka, anawajua tabia zao kuliko anavyotujua sisi watoto wa dada yake. Madaktari walimpima, wakamwambia moyo mzima, ila atembee sana.

Nikamwambia, basi Mjomba, tukatembee Hampi. Kuna magofu ya ua wa mfalme, na wafalme wale ndio waliokuwa wakinunua farasi wetu.

Aliposikia farasi hakuuliza tena.

Tukafika asubuhi, baada ya safari ndefu ya gari. Tukapita ukuta wa nje, mawe makubwa yaliyobebana bila udongo kati yake. Nikaingia kwenye jumba langu.

Jumba halikuwepo.

Palikuwa na sakafu za mawe, moja baada ya nyingine, zimeinuka kiasi cha kiuno. Juu yake hakuna kitu. Mbingu tu. Mjomba akasimama, mikono nyuma. "Mbona kama viwanja vya kwetu Mabela? Kila mtu kaishia msingi."

Kibao kilieleza: chini walijenga kwa mawe, juu kwa mbao, na mbao ziliteketea ua ulipovamiwa. Nikapanda sakafu moja. Kuna vishimo mfululizo ambamo nguzo zilisimama. Nikatia kidole kwenye kimoja. Kina joto la jua, na sisimizi wanapita.

Wakuu, nisiwadanganye, nilikaa pale nikiwaza mtu aliyekuwa akiegemea nguzo ile. Jina lake nani? Alikuwa anangoja nini? Nilisahau kitabu kabisa kwa muda.

Halafu nikakumbuka kurasa arobaini.

Katikati ya ua kuna jukwaa kubwa la mawe, la ngazi ngazi, refu kupita nyumba. Ndipo mfalme alipokaa kwenye sherehe. Nikamwomba Mjomba apande akae juu. "Wewe ni mfalme. Mimi ni Salim. Nitajificha, unitafute."

"Mtu mzima wewe!"

"Mjomba, daktari kasema utembee."

Akapanda, anahema na kucheka. Mimi nikakimbilia nyuma ya sakafu ya tatu, nikalala kifudifudi.

"Nnakuona! Mtandio wa manjano!"

Nikauvua, nikabaki na kofia ya ndani. Nikahamia kwenye bwawa la mawe meusi lenye vidato kila upande, nikachuchumaa kwenye kidato cha chini.

"Nnakuona! Umekaa kama kuku anayetaga!"

Nikaenda nyuma ya ukuta wa mfereji wa maji.

"Wewe sikuoni, kivuli chako nnakiona!"

Watalii wamesimama wanatutazama. Mmoja akaanza kumwonyesha Mjomba nilipo kwa kidole. Msaliti.

Likabaki tumaini moja. Kuna chumba chini ya ardhi, unashuka ngazi, giza totoro, njia inapinda. Nikasema hapa ndipo. Salim wangu amepata nyumba. Nikapapasa ukuta, mawe ya baridi, popo wananipigia mbawa. Kimya. Mjomba hasemi kitu.

Nikatokea upande wa pili nimejaa furaha.

Mlinzi wa pale amekaa kivulini mbele yangu, mguu juu ya mguu. Akanisalimia kwa Kiarabu cha madukani cha Ruwi. Kumbe aliwahi kuendesha gari Maskati miaka mingi.

"Dada, kila anayetaka kujificha huingia humu," akasema. "Mimi hukaa hapa nikawangoja watoke. Na walinzi wa mfalme si walikuwa na akili kunishinda?"

Basi. Nikaenda kukaa chini ya lile jukwaa, kichwa mikononi. Siku tatu! Salim asingemaliza hata nusu saa.

Mjomba akateremka taratibu, akakaa karibu yangu. Akanitazama, akaona siyo utani tena. "Mwanangu, hapa hajifichi mtu. Hapa mtu alikuja aonekane. Huoni palivyojengwa?"

Akageuka kutazama ukuta wa jukwaa, ambao umechongwa safu kwa safu: ndovu, wawindaji, wachezaji ngoma. Na farasi.

Hapo nikampoteza mjomba wangu.

"Huyu mkorofi, ona masikio. Huyu katoka baharini karibuni, mbavu nje. Huyu wa Kiarabu khasa, tazama mkia anavyoubeba!"

Alikuwa akipita na kidole hewani, bila kugusa. Nami nikamfuata. Kila farasi ana sura yake. Na mbele yao wamechongwa watu wenye kanzu ndefu na ndevu, wameshika kamba.

Nikamuuliza, "Na huyu mtu, Mjomba, unadhani ni Muomani?"

"Mtu gani?"

"Huyu aliyemshika farasi."

Akasogea. Akatazama. "Aa. Kuna mtu hapa. Mimi nilikuwa namwangalia farasi."

Wakuu, hapo hapo nikaiona njia ya Salim.

Asubuhi yake nilimpigia simu mhariri kutoka hotelini.

"Si ulisema umekwisha?"

"Nilisema uongo. Naomba miezi minne."

Akasema, "Nafasi siwezi kukushikia." Na kweli hakuishika. Mwaka huu kinatoka kitabu cha mwenzangu, na nimempongeza, ingawa kwa meno, si kwa moyo.

Nilirudi Maskati nikazichana zile kurasa arobaini. Nimeandika tisa. Salim hajifichi tena. Anatoka mchana kweupe, mbele ya mfalme na walinzi wote, ameshika kamba ya farasi jike mzuri kuliko wote waliowahi kukanyaga ua ule. Hakuna hata mmoja anayemkumbuka mtu aliyepita naye.

Wiki iliyopita nilimsomea Mjomba, sebuleni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi. Nilikuwa na hofu kuliko nilivyowahi kumhofia mhariri yeyote.

"Salim katoka vizuri," akasema. "Lakini wewe huna adabu. Farasi kamwokoa mtu roho yake, nawe hukumpa hata jina?"

Nilichojifunza ni hiki: usimfiche mtu mahali kabla hujakwenda kujificha mwenyewe. Na ukifika, nenda na mtu anayependa kitu usichokipenda wewe. Atakuonyesha kwa kile asichokiona.

Aliyewahi kufika Hampi aniambie alichokiona. Anayejua farasi anirekebishe. Na wengine wote nisaidieni jina: ni jike, rangi ya udongo mwekundu, ncha ya sikio la kushoto imekatika. Majina ya binadamu Mjomba ameshayakataa yote.