Kifafa, Jiko na Mtoto Wangu

Nyinyi mlioambiwa juzi kwamba mna kifafa, nawasalimu. Naona wengine mnanitazama kwa jicho la pembeni, mkijiuliza nani amenituma kuja kusema hapa. Endeleeni hivyo hivyo. Hata mimi siamini mtu upesi.

Nilizaliwa Nyakisasa, nikaolewa Nyakahura. Nilikuwa mzima kabisa. Asubuhi shamba, mchana barabarani kuwauzia ndizi mbivu madereva wa malori yanayotoka Rusumo, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Siku moja nikaanguka nikipura maharage. Nilizinduka mdomo umejaa damu, ulimi nimeuuma, gauni limelowa mkojo, kichwa kinagonga. Mtoto alikuwa amelala mkekani, Mungu ashukuriwe. Nikajua nimewekewa kitu. Nikamshuku wifi yangu, maana ndiye aliyepika uji asubuhi ile.

Mara ya pili nilianguka jikoni. Mkono huu wa kushoto uliingia kwenye mafiga, ngozi ikabanduka. Tangu hapo mama mkwe akabadilika. Nikisogelea moto, anamchukua mtoto. Nikienda kisimani, anatuma mtu anifuate. Nikasema haya, wananichunga ili wapate sababu ya kunirudisha kwetu, mtoto abaki kwao. Nilimchukia yule mama, nisiwafiche.

Mganga mmoja aliapa kuung'oa ugonjwa usirudi kamwe. Nikanywa dawa yake, nikatapika, nikaanguka tena. Ndipo mume wangu na mama yake wakanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mpole mno, nikamshuku naye. Nikamuuliza waziwazi kama nitapona, au ananipa vidonge ili ninyamaze.

"Wengi wakimeza dawa kila siku, kuanguka kunakoma," alisema. "Baadhi huja kuziacha baada ya miaka, sisi tukiwaelekeza. Wengine humeza maisha yote. Wachache, dawa haziwatoshi. Wewe utakuwa wapi, leo sijui."

Hapo akanipata. Anayetaka kunidanganya angeniahidi. Akanionya nisiache vidonge kwa kuwa tu najisikia vizuri, na nisikae peke yangu karibu na moto wala maji mpaka hali itulie. Nikamgeukia mama mkwe, amempakata mtoto wangu. Nikajiuliza nani kampanga nani.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza mama mkwe kama alizungumza na daktari kabla yangu. Hakukasirika.

"Mdogo wangu aliungua tukimtazama," alisema. "Tuliambiwa povu lake linaambukiza, hakuna aliyemshika. Wewe nilikuvuta mimi, na povu lako."

Miezi yote ile sikuuliza hata siku moja nani alinitoa motoni.

Mwanzoni vidonge vilinilewesha, nasinzia huku natembea, mpaka daktari akapunguza. Nilianguka tena mara moja, nikataka kuvitupa vyote. Kisha kukatulia. Misimu ya maharage ikapita mpaka nikaacha kuihesabu. Daktari hasemi nimepona. Anasema ninaendelea vizuri, na mimi hilo naliamini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anayewaahidi kupona kesho, mshukuni. Nishukuni hata mimi, mkamuulize daktari. Ila vidonge mezeni. Na mtu akianguka mbele yenu, msikimbie. Kifafa hakiambukizi. Ondoeni vya kumuumiza, mgeuzeni alale ubavu, msimtie kitu mdomoni.

Mwaka huu nimejifungua wa pili. Daktari ameshaniruhusu kupika. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni, maharage yanachemka, mtoto analia. Mama mkwe akaja, nikajua anamchukua. Akamweka mgongoni kwangu, akamfunga kanga, akaikaza vizuri. Kisha akashika jembe lake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Shamba," akasema. "Chumvi usizidishe."