Nilikokuwa Mdogo Wangu Alipoanguka

Wiki moja kabla ya safari niliwaita watu wote tisa sebuleni kwangu, Irving, nikageuza kochi kuwa kilima. Wengi walikuwa Watanzania wa jumuiya yetu ya sala, na wawili Wakenya, manesi wenzangu kazini. Tulipanga kwenda milima ya New Mexico baada ya Krismasi ya 2018, tukateleze kwenye theluji. Mimi nilishakwenda mara mbili, basi nikafanywa mwalimu.

Nilijua vijana hawataridhika na mteremko wa kawaida. Wangetaka parki ya miruko, sehemu iliyotengwa yenye vilima vya theluji vilivyochongwa ili watu wavitumie kuruka. Kwa hiyo niliweka mto nyuma ya kochi, nikasimama mbele yake na kuuliza nani anauona. Hakuna aliyeuona.

"Basi huo mto ni mwenzako aliyeanguka," nikawaambia, "na wewe ndiye unayekuja kuruka."

Nikaeleza taratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa dawa zake. Pita kwanza pembeni ukikague kilima. Anza na kile kidogo. Usisimame kamwe pale watu wanapotua. Mwenzako akianguka na asiinuke, mtu mmoja apande haraka juu ya kilima asimame na mikono imepishana, ili wanaokuja wajue njia imefungwa. Mwingine awaite waokoaji. Wengine wote wakae mbali.

Mdogo wangu, anayesoma chuo Richardson na ambaye nimemlea tangu mama yetu afariki, alikuwa amejinyoosha kwenye zulia. "Dada, tumeelewa," akasema. "Hata mto umeelewa."

Tulicheka wote. Nami niliamini kweli wameelewa.

Siku ya pili mlimani, yeye ndiye aliyeanguka. Aliruka kile kilima cha kati bila kukikagua, akatua kwa bega, akabaki palepale akiugulia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikaona yote. Kabla sijafungua mdomo, watu wetu walikuwa wameshaanza kumiminika kwake. Pole, pole sana, pole kaka. Mmoja akapiga magoti kumshika mkono, mwingine akavua skafu yake amfunike. Mama mmoja wa makamo, tunayemheshimu kama mzazi, akaanza kumwombea akiwa amesimama katikati kabisa ya mahali pa kutua. Nikawahesabu: saba, wamejipanga nyuma ya kilima ambacho mtu wa juu haoni ng'ambo yake.

Nikapiga kelele waondoke. Mmoja akanipungia mkono, akidhani namwita Mungu.

Moyo ulinituma nishuke kwake. Nilimsikia mdogo wangu akiniita, "Dada." Nikavua ski, zile mbao za kutelezea, nikapanda juu ya kilima kwa viatu vile vizito, nikazichomeka ski zangu kwenye theluji zikipishana, nikasimama hapo na mikono juu. Kijana mmoja anayeteleza kwa ubao alikuwa ameshaanza kushuka kwa kasi. Aliniona, akakata kona, akapita ubavuni na kuniinulia kidole gumba. Baada yake wakasimama wengine wawili. Nilikaa pale mpaka waokoaji walipofika na kuwatawanya watu wetu. Hakuna aliyeumia zaidi. Bega lilikuwa limeteguka, basi.

Na hapo ndipo tabu yangu ilipoanza. Kwa kuwa hakuna aliyegongwa, hakukuwa na cha kuonyesha.

Tuliporudi Irving alikaa kwangu, mkono umetundikwa shingoni, na watu wakaja kumpa pole kutoka miji ya jirani, Lewisville mpaka Richardson. Kila mgeni alisimuliwa jinsi wote walivyomkimbilia. Kisha macho yangenigeukia. Nesi mmoja Mkenya, kwa mzaha tu, akaniita trafiki wa mlimani. Yule mama wa maombi hakutania. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono na kusema kwa upole kwamba ndugu ni ndugu, mwanangu, ungeshuka hata dakika moja.

Nikaeleza. Nikaeleza tena kwa shemeji yake mama huyo, na kwa wageni wa Jumapili. Wote walinisikiliza vizuri, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakasema, "Ni kweli, lakini."

Sijawahi kuchoka kueleza jambo namna ile. Kazini mtu akishindwa kuelewa huwa najilaumu, natafuta njia nyingine. Hawa walikuwa wameelewa kila neno.

Jioni moja wageni walipoondoka, nikamuuliza mdogo wangu kama naye ananiona hivyo. Alikuwa akihangaika kula wali kwa mkono wa kushoto. Nikaanza upya: yule kijana wa ubao, ile kasi, watu saba pale chini.

"Dada, najua," akanikatiza. "Ungeshuka, yule jamaa angetuangukia. Nimeshaelewa."

"Sasa mbona umeninunia wiki nzima?"

Akaweka kijiko chini. "Kwa sababu nilikuita, ukapanda juu."

Kamba iliyoshika mkono wake ilikuwa imelegea, bega limeanza kushuka. Nikaenda nyuma ya kiti chake, nikaifungua, nikaanza kuifunga upya.

"Pole," nikamwambia.

Akainamisha kichwa ili fundo lifikike.