Jina la Eugène

Régine ndiye aliyeandika, kwa JavaScript, ukurasa wa kutafutia watu waliopotezana walipokimbia vita vya Djugu. Unaandika jina, ukurasa unaiuliza seva, kompyuta inayotunza orodha, seva inarudisha JSON, yaani orodha ya majina, kambi na hali zao.

Jumatatu Scholastique, mama wa Solange, alirudi ofisini Bunia, mara ya nne, kumtafuta mumewe.

“Mama Régine, niangalilie tena.”

Régine akaandika: Eugène. Skrini ikajibu: Hakuna jina hilo.

“Mashini haidanganye, mama,” alisema kwa huruma.

“Basi alikufa. Naenda Kasenyi kwa kaka yangu, tufanye matanga.”

Siku mbili baadaye Régine alijaribu jina lake mwenyewe, alilokuwa ameliingiza kwenye orodha kwa majaribio. Hakuna jina hilo. Akafungua jibu la seva: kosa 500, yaani seva yenyewe imeshindwa, na chini yake HTML, ukurasa wa kutangaza kosa, badala ya JSON. Fetch, amri inayoiuliza seva, haikulalamika; kwake jibu lolote lililofika ni jibu. Response.json() ndiyo iliyoshindwa kuisoma HTML ile, kosa likaangukia ndani ya catch, sehemu inayodaka makosa. Na humo, kwa mkono wake, Régine alikuwa ameandika sentensi moja kwa makosa yote: Hakuna jina hilo.

“Labda nimezika mutu iko muzima,” alimwambia Fabien, mwenzake wa kazi.

“Rekebisha kwanza. Utalia kiisha.”

Régine aliufanya ukurasa ukague kwanza response.ok, yaani kama seva imefaulu; seva ikishindwa, useme imeshindwa. “Hakuna” libaki kwa orodha iliyorudi tupu. Akaliuliza tena jina la Eugène. Mara sita seva ilikataa. Ya saba ikajibu: Eugène, mguu umevunjika, yuko kambini hapahapa Bunia.

Simu ya Scholastique ilikuwa imezimwa. Fabien akakimbilia kambini, Régine akapanda pikipiki kuteremka Kasenyi. Alimkuta Scholastique ameketi chini kati ya wanawake, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

“Mama, Eugène iko muzima. Ni miye nilikosa.”

Scholastique akasema, “Juzi mashini haikudanganya. Leo niamini nini?”

Hakuinuka. Régine akampigia Fabien, aliyekwisha kumfikia Eugène kambini, kisha akamwekea Scholastique simu sikioni. Sauti dhaifu ya mwanamume ikasema, “Mama Solange? Ni weye?”

Scholastique akaanguka kifudifudi akilia. Wanawake wakamgeukia Régine, naye hakujua auweke wapi uso wake.