Rubi na Nebukadneza

Harufu ya mpingo unaochongwa si kali. Ni kavu, kama ya udongo wa chini kabisa ya kisima, na hukaa kwenye nywele. Nyumba yetu ya Temeke ilinuka hivyo mwaka mzima, maana baba alichongea vinyago barazani na vumbi jeusi la tupa lilifika mpaka kwenye unga. Siku za Alhamisi harufu hiyo ilichanganyika na ya wino wa gazeti. Baba alirudi kutoka mjini na gazeti la Kiingereza alilopewa na mteja wake, akalitandaza mkekani, akafuta mikono kwenye kaptula, akaniita: “Njoo, karani wangu. Tuwaone farasi.” Hapo ndipo nilipojiona mtu.

Farasi wenyewe hatukuwahi kuwatia machoni. Walikimbia Nairobi. Baba alijifunza kuwawekea dau alipokuwa mpishi wa Mzungu, na mazoea yale hayakuondoka na bendera ya mkoloni. Kusoma hakujua, Kiingereza wala Kiswahili; mimi, niliyekuwa nikisoma shule ya misheni, ndiye niliyemsomea jina la kila farasi, uzito atakaobeba, nani atampanda, na alifika wa ngapi katika mbio zilizopita. Yote niliyaandika kwenye daftari. Farasi aliyezoea ardhi kavu tulimwacha mvua zikinyesha; aliyebebeshwa uzito mkubwa tulimwogopa hata kama juzi alishinda. Tulipata mara chache, tukakosa mara nyingi, lakini baba aliwaambia wachongaji wenzake, “Anayechagua ni binti yangu.” Mama, mtu wa kanisa, alisema kamari ni kamari hata ikisomwa kwa Kiingereza.

Kisha Asumta akaja kutoka Masasi. Alikuwa mtoto wa mdogo wake baba, na baba yake alikuwa amefariki. Alipata kama miaka tisa, shingo ndefu, hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema mama, na mimi nikagawana naye kitanda na gauni la Jumapili bila kinyongo. Kinyongo kilianza Alhamisi moja, baba alipomwona amechutama nyuma yake akamwambia kwa mzaha, “Na wewe weka kidole.” Asumta akafumba macho, akaweka. Kidole kiliangukia farasi ambaye kwenye daftari langu hakuwahi kufika hata wa tatu. Jumamosi tulisimama nje ya duka la Bwana Nasoro, Mwarabu aliyezaliwa papo hapo mtaani. “Mie kamari siichezi, dini hairuhusu,” alisema kama kawaida yake, “lakini masikio nimepewa bure.” Akaongeza sauti ya redio. Farasi wa Asumta alishinda. Wiki iliyofuata, tena.

Alhamisi ya tatu baba hakuita karani. Aliita, “Asumta!” Mimi nilibaki kuwa mdomo wa kusoma majina na mkono wa kuandika lililochaguliwa. Njiani watu walimsalimia yeye kwanza: “Mkono mwepesi huyo!” Baba akamchongea farasi mdogo wa mpingo, kwa kubahatisha tu, miguu minene kama ya ng'ombe. Mimi hakuwahi kunichongea kitu. Nadhani aliona mwenye daftari hahitaji mwanasesere.

Mwisho wa mwaka zilikuja mbio kubwa. Baba alikuwa ameuza kinyago alichokihangaikia miezi mingi, na fedha yote akaamua kuiweka dau. “Tukipata hii,” alisema, “Januari Asumta anaanza shule.” Safari hii Asumta hakufumba macho. Aliyatazama maandishi muda mrefu, akagusa. “Hili hapa, Baba mkubwa.” Baba akanigeukia: “Huyo nani?”

Lilikuwa jina la Rubi. Lakini hesabu zangu za wiki nzima zilimtaka Nebukadneza, tena jina nililolijua kutoka kwenye Biblia. Ningeweza kumwambia baba hivyo, naye angenisikiliza au asingenisikiliza. Badala yake nilisema, “Nebukadneza,” nikaliandika kwenye karatasi kwa mwandiko wangu bora. Baba akaikunja, akaitia mfukoni, akapanda baiskeli kwenda kwa wakala wa dau mjini.

Jumamosi redio ilitaja Rubi wa kwanza. Nebukadneza hakutajwa kabisa. Baba alisimama pale dukani, mikono nyuma, kama anayesubiri mtangazaji ajisahihishe. Hakugomba. Alisema tu, “Mkono wa mtoto umepoa,” akatangulia nyumbani.

Asumta alinikuta kwenye mtungi wa maji. “Dada,” alisema, “nililoligusa lilikuwa fupi. Wewe uliandika refu.”

“Hujui kusoma wewe.”

“Kuona najua.”

Nikamuuliza kama atasema. Alichota maji, akanywa, akarudisha kata mahali pake. “Sisemi,” alijibu. “Ni baba yako.”

Nilipaswa kuona haya. Nilichohisi ni wivu zaidi. Nilimwonea wivu hata wema wake. Januari akarudishwa Masasi kwa bibi. Baba aliniita karani Alhamisi mbili tatu, kisha Ujamaa ukaingia, kamari ikawa mambo ya mabepari, naye akajiunga na ushirika wa wachongaji.

Miaka baadaye, nikiwa tayari mwalimu, ilifika barua ya penseli, herufi kubwa kama kokwa. Asumta alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, kijijini kwao. Nikanyoosha mkono nimsomee baba. Akakataa; naye alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha ushirika. Akaisoma mwenyewe, akaitembeza ushirika mzima. Barua zangu za chuoni hakuwahi kumwonyesha mtu. Alifariki bila kujua kilichotokea, na mimi nilikuwa na miaka ya kutosha ya kumwambia.

Sasa naishi Tegeta. Mjukuu wangu hubashiri mpira kwenye simu, peke yake, kimya. Akikosea amekosea mwenyewe, hakuna mtu katikati wa kumbadilishia jina. Asumta hunipigia Jumapili. Huuliza hali ya miguu yangu, halafu lazima atakumbuka jinsi baba alivyomjibu barua ile, kurasa mbili kwa mkono wake, na kwamba bado anazo. Mimi baba hakuniandikia hata mstari. Nimepita miaka sabini. Namwambia zitunze, mdogo wangu, nafurahi kusikia. Na nikishakata simu hukaa kitandani muda mrefu, nikijaribu kufurahi.