Msiba Bila Marehemu

Bonifasi Mniko alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka, na mtaa mzima wa Mwisenge ulimjua kama mtu wa maneno machache. Mashine ikigoma Bugwema, anaitwa. Ikigoma Butiama, anaitwa. Anafika na mfuko wake wa spana, anainama kuisikiliza injini kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha anatamka neno moja: "Beringi." Au: "Mkanda." Basi, kimya tena mpaka jioni.

Maneno ya nyumba ile aliyabeba mkewe, Marieta. Aliuza vitenge, na kila Jumamosi alikwenda navyo mnadani Bunda kwa gari la Jilala, dereva aliyewabeba wafanyabiashara miaka nenda miaka rudi. Watu wa mtaa, wakitaka kuielekeza nyumba, hawakusema "kwa Bonifasi". Walisema "kwa Marieta". Bonifasi mwenyewe, akiulizwa jambo lolote la pale nyumbani, alijibu, "Ngoja nimuulize mwenye nyumba."

Mwaka huo Marieta alikuwa anatimiza miaka hamsini. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa yao, siku ya kuzaliwa haikuwahi kusherehekewa mle ndani. Lakini jioni moja, jirani wa nyuma alipokuwa akifanyiwa sherehe yenye muziki na vifijo, Marieta alisema, huku akichambua mchele, "Sisi wengine watu wanatukusanyikiaga siku moja tu, na siku hiyo hatupo kuiona." Akapuliza makapi, akaendelea na kazi yake.

Neno lile lilimkwama Bonifasi kooni kama mwiba wa sato. Akaamua: Marieta atakusanyikiwa akiwa hai, tena kwa sapraizi.

Alimshirikisha jirani yao Naomi, mpishi wa shughuli, naye akakubali kupika. Akakodi turubai na viti vya plastiki. Akaiomba kwaya ya kanisani ije kuimba, bila kusema kwa nini. Halafu, siku ya Alhamisi, akampigia simu shangazi yake Marieta kule Butiama, mama mmoja mnene mwenye sauti, aitwaye Tabitha.

"Shangazi, Jumamosi saa nane mchana fika hapa nyumbani."

"Kuna nini, mkwe wangu?"

"Utakuja kuona mwenyewe. Ila Marieta usimwambie kitu."

Shangazi akauliza kwa sauti ya chini, "Wengine wameshajulishwa?"

"Wote wanajua, isipokuwa yeye."

"Basi pole sana, baba. Jikaze."

Bonifasi alidhani anapewa pole ya maandalizi. "Nimeshapoa, shangazi," akajibu, akakata simu akiwa ameridhika. Kwa maneno yale yale akawapigia ndugu zake wa Kiriba, kijijini kwao, akampigia na Jilala: mrudishe mapema, usimwambie kwa nini. Hakukumbuka kwamba ukanda wote ule, kuanzia ziwani hadi Bunda, mtu huitwa kwa maneno hayo kwa jambo moja tu.

Jumamosi asubuhi Marieta akaondoka na marobota yake. Saa tatu turubai likasimama, viti vikapangwa, Naomi akawasha kuni nyuma ya nyumba na kuweka masufuria matatu makubwa. Bonifasi akavaa koti lake la harusi na kofia mpya ya pama, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwona nacho, akapanda bodaboda kwenda mjini kuchukua keki.

Keki haikuwa tayari. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, na mama wa keki alikuwa amekaa mbele ya oveni baridi akimsubiri Mungu. Simu ya Bonifasi nayo ilikuwa imezima kwa sababu hiyo hiyo. Akakaa kwenye benchi. Saa tano. Saa sita. Umeme ukarudi saa sita na nusu, na Bonifasi hakuthubutu hata kukohoa mpaka keki ilipotoka.

Huku nyumbani, kama alivyokuja kusimuliwa baadaye, shangazi Tabitha alifika mapema na wanawake wanane kutoka Butiama, wamebeba unga, maharage na mzigo wa kuni. Alipoliona turubai tu, akaangua kilio kutoka barabarani. Mmoja wa wenzake alimuuliza, "Shangazi, aliyekufa hasa ni nani?"

"Tulie kwanza," shangazi akajibu. "Jina watatupa tukikaa."

Naomi aliisikia sauti ile akiwa jikoni. Yeye alijua vizuri kabisa kwamba ile ni siku ya kuzaliwa. Lakini alijua pia kwamba Bonifasi aliondoka kwa bodaboda saa tatu, kwamba simu yake haipatikani, na kwamba watu wa Butiama hawatoki kwao wakilia bure. Mwiko ukamdondoka mkononi. "Habari imefika Butiama kabla ya kufika kwangu!" akapiga yowe, naye akatoka mbio kwenda mbele, na tangu hapo hakukuwa tena na mtu wa kuuliza. Mwenyekiti wa mtaa akaja na daftari la maombolezo. Watu wa Kiriba wakapiga simu kijijini, na vijana huko wakachukua majembe.

Saa nane kasoro, Bonifasi akashuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia boksi la keki. Akakuta uwanja umejaa, wanawake wamejifunga kanga vichwani, kwaya inaimba taratibu, tena wimbo wa kuaga. Pale mlangoni walikaa wanaume wawili asiowafahamu.

"Jamani, kuna nini?"

"Pole, ndugu," mmoja akamwambia, akimvutia kiti. "Tumepotelewa na mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Barabara ya Bunda ilimjia machoni, na malori yake, na gari la Jilala na marobota ya vitenge yametawanyika majanini. Hakuuliza la pili. Aliangukia kiti cha nyuma kabisa, akaishusha kofia usoni, keki mapajani, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu mama yake afariki. Mzee wa pembeni yake alimpapasa bega na kumuuliza kwa upole, "Marehemu mlikuwa mnajuana?"

"Alikuwa mke wangu," Bonifasi akasema kwa kwikwi.

Mzee akaondoa mkono taratibu, akamtazama, akahamia kiti cha tatu.

Ndipo gari la Jilala likaingia. Jilala alikuwa amepigiwa simu na mtu wa mtaani na kuambiwa amlete mama polepole, asimwambie. Naye, mtu ambaye kila siku hufokea abiria, aliendesha kama amebeba mayai, akamnunulia Marieta soda asiyoiomba na kumwita "mama yangu". Walipofika nusu ya njia Marieta akamwambia, "Jilala, ni nani amekufa?" Jilala akasema, "Kunywa soda, mama." Hilo likatosha kuwa jibu.

Marieta alishuka amefungua kilemba, analia, "Bonifasi! Bonifasi wangu, nilikuacha hujanywa hata chai!" Wanawake wakamdaka mikono miwili miwili. Bonifasi, huko nyuma, akaisikia sauti ya marehemu. Akainuka. Kofia ikaanguka.

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Wakatazamana, mume na mke, machozi yanawatiririka wote wawili.

"Bonifasi," Marieta akasema, "wewe umekufa lini?"

"Mimi sijafa. Wewe umekufa lini?"

"Mimi nilikuwa mnadani!"

Shangazi Tabitha akasimama, mikono kiunoni, macho mekundu. "Ngojeni kidogo. Basi amekufa nani?"

Watu wakaangaliana. Mwenyekiti akafungua daftari lake kana kwamba huenda jina limeandikwa humo. Bonifasi, mtu wa neno moja, alitambua kwamba siku hiyo neno moja halitatosha. Akafungua boksi, akaliinua juu watu walione. Juu ya keki, kwa sukari ya rangi ya waridi, paliandikwa: HONGERA MARIETA MIAKA 50.

"Ni siku yake ya kuzaliwa," akasema. "Ilikuwa sapraizi."

"Umefanikiwa," Jilala akasema.

Simu ya mjomba mmoja ikalia. Ilikuwa Kiriba. Vijana walikuwa wanauliza: wamefika usawa wa magoti, waendelee au wasubiri vipimo?

Hapo ndipo Marieta alipocheka. Alianza kwa kujizuia, kisha akashindwa, akakaa chini kwenye vumbi na vazi lake zuri la mnadani, akamvuta Bonifasi naye akakaa, keki katikati yao. Shangazi alinuna kwa dakika mbili hivi, akasema haiwezekani kuwatoa watu Butiama kuja kulia bure, halafu akaomba apewe kipande chenye maua mengi. Naomi aligawa pilau huku akijifuta machozi. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi ya nyimbo za msiba tu, lakini mpiga kinanda akauongezea mmoja mwendo, na watu wakaucheza vizuri sana, wengine wakiwa bado wamejifunga kanga vichwani.

Lilibaki shimo. Wazee wa ukoo walikataa katakata: kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, litamtafuta mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada Bonifasi na Marieta wakaenda Kiriba. Njiani Marieta alimuuliza, "Ulipodhani nimekufa, uliwaza nini?"

Bonifasi akajibu: "Niliwaza, nani atakuwa anaongea."

Marieta akageuka kutazama dirishani na hakusema kitu mpaka wakafika, jambo ambalo lilimtisha mumewe kidogo.

Vijana walikuwa wameleta gogo la mgomba, limeviringishwa mkeka, urefu sawa na wa Bonifasi. Mchungaji alikuwa amekataa kuja kuuombea mgomba. Basi baba mdogo Nyamburi, mzee wa ukoo, akalisogelea shimo, akavua kofia, akasafisha koo. Alitaja kwamba marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kugombana na jirani, na alizaa ndizi za kutosha. Wakafukia. Bonifasi naye alitupia koleo tatu, akiwa amevaa lile koti la harusi, jasho linamtoka.

"Huyu tumeshamlaza," baba mdogo akasema, akikung'uta mikono. "Sasa wewe toka hapo juani, Bonifasi. Ugali unapoa."