Kofia Iliyotangulia Kuposa

Wa kucheka acheke mapema, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mie ndiye yule aliyekwenda kuposa kichwa wazi.

Shangazi yangu Zuwena (ugonjwa wake ni kufika mapema) alinitoa Khuwair ya Kusini jua likiwaka, tukafika Bawshar alasiri haijaadhiniwa, yeye akapita kwa shoga yake na mie nikabaki chini ya mitende, pale mfereji wa falaj unapotokeza na watu wanapochota maji ya kunywa. Pana kibao: marufuku kuoga, kufua na kuvua samaki. Nilikisoma, msidhani sikukisoma! Lakini visamaki vinacheza mle, nami nikajiambia kibao kinawasema wenye ndoana, mie ndoana sina, nna kofia tu, na kofia ya viua mnaijua, vitundu kila mahali, maji yatoke samaki abaki.

Nikaivua kichwani, nikachota, kimoja kikaingia, na kwa furaha nikateleza, kofia ikaniponyoka ikashika njia na maji, mie mbio pembeni nimekunja kanzu hadi magotini, mpaka ikapita chini ya ukuta wa msikiti. Basi tena.

"Kofia yako iko wapi?" Shangazi aliniuliza mlangoni kwa wakwe.

"Upepo, Shangazi."

"Upepo gani, hata jani halitikisiki?"

Mzee Khalfan, babake binti, akatukaribisha vizuri, kahawa ikaja, halua ikaja, na kando ya halua, juu ya sinia, kofia yangu inachuruzika maji. Kumbe mzee ndiye msimamizi wa falaj (binti hakuniambia!), na aliiokota akitia udhu.

"Mwenye hii kavua kwenye maji tunayokunywa," akasema. "Kisamaki kilikuwamo." Kisha akaigeuza. "Na mshono huu naujua. Binti yangu kaniambia anamshonea kaka yake."

Shangazi akavuta shela usoni. Mie masikio yaliwaka, nikajua mke nimemkosa.

"Jibu la posa," mzee akasema taratibu, "utalipata ukishausafisha mfereji, juu mpaka chini."

Nikausafisha, mgongo ukaniuma, nikaozwa. Kuvua penye maji ya kunywa sirudii, wallahi. Na mkipita Bawshar mkakuta kibao kimeongezwa maneno "hata kwa kofia", msiulize ni kwa nini: mkwe wangu aliniamuru, na rangi niliipaka mwenyewe.